Kibali cha Kulala Nyumbani

Siku ya kuripoti, mlinzi wa geti la chuo alimwamkia mama mmoja shikamoo, akampokea begi, kisha akachungulia nyuma yake kumtafuta mwanafunzi. Alimwuliza mtoto amebaki wapi, maana dirisha la kugawa vyumba lilikuwa linafungwa saa tisa. Mama yule akamjibu kwamba hakuna mtoto, mwanafunzi ni yeye. Mlinzi akamtazama, akatazama godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, akatazama ndoo mpya yenye kandambili na sabuni ndani, akarudi kumtazama yeye.

"Basi karibu, mama," akasema. "Foleni ni ile pale."

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo alifundisha darasa la kwanza na la pili, kazi ya kushika mikono midogo na kuionyesha herufi zinavyopinda, na kule shuleni aliitwa Mwalimu tu, basi. Ilipotangazwa kwamba asiye na shahada hatapanda daraja, mwalimu mkuu alimjazia fomu ya kuomba chuo, naye akaisaini bila kuisoma sana, kama alivyokuwa akisaini kila kitu mwaka ule. Jina lake likatoka. Chuo chenyewe kilikuwa mji uleule, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka mlangoni kwake, na wote nyumbani wakachukulia kwamba atakuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni kama mtu wa kazini.

Kumbe kulikuwa na kanuni ya tisa. Ilisema kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atalala ndani ya chuo, katika chumba atakachopangiwa, na atasaini daftari la bweni kila jioni. Walioitunga walikuwa wakiwawaza vijana waliotoka sekondari jana na juzi, wasije wakapanga vyumba vya ovyo mitaani na masomo yakawashinda. Haikuwajia akilini kwamba siku moja ingemkuta mama wa watu mwenye nyumba yake, mume wake, na binti wa miaka kumi na mitano. Lakini kanuni haikubagua, na alipokwenda kuulizia siku chache kabla ya kuripoti, karani wa vyumba alimwonyesha kwa kidole mstari wenyewe: aliye na sababu maalumu aandike barua kwa kamati, na huku akisubiri majibu alale bwenini.

Mumewe alikuwa msoma mita za maji, mtu wa maneno ya kuhesabika. Aliposikia habari hiyo alisema watakuwa wamekosea. Alipoonyeshwa karatasi na kuona hawakukosea, akakaa mezani akaiandika barua yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyezoea kuandika tarakimu ndani ya visanduku. Aliandika kwamba mwombaji ni mke wa mtu na mama wa mtoto aliye bado shule, na kwamba nyumba haiko mbali. Mwalimu akaisaini na hiyo pia.

Ili kuelewa alivyoingia bwenini, lazima tuseme kidogo alikotoka. Kwa miaka sita alimuuguza mama mkwe wake, aliyepooza upande mmoja na kulala katika chumba cha uani. Alimwosha, akamlisha, akambadilisha nguo, akamgeuza asipate vidonda, kisha akaenda kufundisha, akarudi, akaendelea pale alipoachia. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kengele ndogo ya mkononi, na alipochoka kuipiga aliita. Mume alileta dawa, alilipia daktari, kila jioni alisimama mlangoni akamwamkia mama yake, kisha akaenda kulala. Hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono wala sauti. Bibi alipofariki, miezi minane kabla ya chuo, watu walijaa, wakamshika Mwalimu mabega na kumwambia hakuna mkwe kama yeye, Mungu atamlipa. Aliitikia asante kwa kila mmoja. Alingoja machozi yaje, hayakuja. Alingoja basi hata ahueni ije, nayo haikuja. Akaendelea kupika, kufundisha, kufua na kuanika, kama saa ya ukutani isiyojua kwamba wenye nyumba wamehama.

Chumba alichopewa kilikuwa ghorofa ya pili, vitanda viwili vya chuma, meza mbili, kabati moja ambalo mlango wake ulifungwa kwa kubanwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Nyuma ya mlango wa chumba palibandikwa makatazo: kupika, kupiga pasi kitandani, kugongomelea misumari, kupokea wageni ndani baada ya saa kumi na mbili jioni. Bafu lilikuwa mwisho wa korido na maji yalikatika kila wanafunzi walipoamka wote pamoja. Mwenzake wa chumbani alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, wa masomo ya kilimo, ambaye ghorofa nzima ilimwita Chaji, kwa sababu simu yake haikuwa na chaji hata siku moja na kila mlango aliubisha akiomba soketi. Chaji alipofungua na kumkuta mama mtu mzima anatandika shuka, alirudi nje akasoma namba ya chumba. Halafu akapiga goti nusu, akaamkia.

Ndani ya wiki moja wasichana wote wa ghorofa ile walikuwa wakimwita Shangazi. Walimletea vifungo vilivyokatika, walimwuliza kama homa hii ni ya kwenda hospitali au ya kunywa maji na kulala. Mlezi wa bweni, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, alipopitisha daftari la jioni alikuwa akimwomba radhi kabla ya kumpa kalamu. Shangazi alisaini. Hakuona aibu, wala hakuona fahari. Wengine walipomwuliza kama hajisikii vibaya kupigwa rejista kama mtoto wa shule, alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye ameita rejista miaka kumi na tisa, na si mbaya mtu kuitwa naye.

Jambo lililomshangaza lilikuwa asubuhi. Miaka yote ile alizoea kuamka saa kumi na nusu alfajiri, na mwili ukaendelea kumwamsha palepale. Akawa anafumbua macho, anasikiliza. Feni ilizunguka. Chaji alipumua. Hakuna aliyeita, na hapakuwa na mtu ambaye ingewezekana aite. Alilala hivyohivyo, mikono juu ya shuka, mpaka kupambazuke. Wakati mwingine alijaribu kuikumbuka nyumba yake ili aone kama ataitamani: alimpitisha binti yake mbele ya macho, mumewe, jiko, waya wa kuanikia nguo. Ilikuwa kama kujigusa jino lililochomwa sindano ya ganzi. Alijua kwamba liko, lakini alichosikia ni kidole tu.

Chaji yeye alilia kwa wiki tatu. Kwao kulikuwa mtaa wa pili kutoka chuoni. Kutoka dirishani aliweza kuonyesha tangi la maji la nyumba ya jirani yao. Naye aliandika barua kwa kamati, akaandika kwamba hali chakula na anakonda. Kamati ikamjibu upesi kwamba hiyo si sababu maalumu, na kwamba atazoea. Jioni alizungumza na mama yake kwa simu ya kuazima mpaka salio la mwenye simu linakwisha, kisha akageukia ukuta. Shangazi alikaa pembeni ya kitanda chake akimpapasa mgongo, huku anasoma maelezo ya saikolojia ya watoto kwa jicho moja. Alijua kupapasa. Mkono ulifanya kazi yake bila yeye.

Jumamosi Mwalimu aliruhusiwa kwenda nyumbani mpaka Jumapili jioni. Alifika, akakuta sufuria zimelowekwa na binti amejifunza kupika wali usioungua. Mumewe kila mara alimpokea kwa swali lilelile, kamati imesemaje, naye akajibu bado. Wifi yake, aliyekuwa akija kuangalia kaka anaendeleaje, alisema mbele ya wote kwamba mwanamke mzima kulala bwenini na watoto wa watu ni kichekesho, na kwamba kama ni yeye angekwisha kuacha chuo chenyewe. Mwalimu alimmiminia chai. Aliosha sufuria, akafua, akatazama daftari za binti, na Jumapili saa kumi akashika njia. Binti alimsindikiza mpaka barabara kubwa akihesabu wiki zilizobaki.

Wiki ya sita, karani wa vyumba alimwita dirishani. Kamati ilikuwa imekaa, na kibali kilikuwa kimetoka. Karani alifurahi kwa niaba yake. Alisema kati ya barua ishirini na saba zimepita mbili tu, na kwamba atakapokuwa tayari arudishe ufunguo na kitanda kitafutwa jina lake. Mwalimu aliisoma barua, ikampa ruhusa ya kulala nyumbani kwake kuanzia tarehe ile. Akaisoma tena.

"Na nisipokitumia?" akauliza.

Karani alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia kibali ni ruhusa, si amri, asipokitumia chumba ni chake mpaka mwaka uishe. Ila tangu aanze kazi hapo hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Mwalimu alishukuru, akaikunja barua mara mbili, akaiweka katikati ya maelezo yake ya saikolojia, akaenda kwenye kipindi. Hakuamua chochote. Alijiambia atarudisha ufunguo kesho, na kesho yake kulikuwa na zoezi la kukusanya, na kesho kutwa mvua. Jumamosi mumewe akauliza kamati imesemaje. Akasikia mdomo wake unasema bado.

Kwa miaka ishirini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumdanganya mumewe jambo la maana. Alisubiri moyo umdunde. Haukudunda. Hilo ndilo lililomtia hofu kidogo, kama mtu anayeona damu kwenye kisigino na hajui alijikata wapi. Jumamosi iliyofuata akasema tena bado, na ya tatu yake vilevile, na binti akaanza kusema kamati hiyo ina watu wenye roho mbaya.

Alichosahau, au alichojifanya kusahau, ni kwamba mabweni ya chuo yalikuwa kwenye eneo la kazi la mumewe. Mita kubwa ilikuwa nyuma ya bweni la wanawake, ndani ya shimo lenye mfuniko wa chuma, na mara moja kila mwezi alikuja na ndoano yake kuufunua. Siku moja ya Jumatano, alipokwisha kuandika tarakimu zake, alivua kofia akaenda dirishani kwa karani. Hakwenda kugomba. Alikwenda kuuliza kwa heshima kama kuna karatasi iliyopungua katika maombi ya mke wake, ili ailete.

Mwalimu alipotoka darasani saa nane alimkuta amekaa kwenye benchi la saruji nje ya bweni, buti zina tope, daftari la mita juu ya magoti. Wasichana waliopita walimwamkia shikamoo baba, naye akaitikia kila mmoja. Mwalimu alijua kabla hajakaa.

"Karani ananiambia kibali kilitoka," mumewe akasema.

"Kilitoka."

"Wiki ya tano hii tangu kitoke."

"Ndiyo."

Mumewe alitazama mbele, kwenye kamba zilizojaa mashuka ya watu. Alikuwa mtu anayeweza kunyamaza mpaka mwenzake aanze kusikia kiatu chake mwenyewe kinavyobana. Mwishowe aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu:

"Nimekukosea nini, mama watoto?"

"Hujanikosea."

"Kuna mtu mwingine?"

Mkewe karibu acheke. Alimwambia kwamba kuna Chaji, na Chaji anakoroma. Mumewe hakucheka. Basi mkewe akatafuta maneno, na hayakuwa mengi, kwa sababu hakuwa ameyatafuta kabla ya hapo hata kwa ajili yake mwenyewe.

"Hapa hakuna anayeniita," akasema.

"Nyumbani nani anakuita? Mama hayupo."

"Hayupo. Na bado naamka kumwitikia. Hata huku naamka, lakini huku nikiamka najua kwamba si mimi ninayetakiwa. Kule sijui."

Mumewe alifungua daftari la mita, akalifunga. Alipiga kidole gumba juu ya jalada lake mara kadhaa.

"Mimi sikuwa naamka," akasema.

"Hukuwa unaamka."

"Nilikuwa nasikia."

Hilo Mwalimu hakulijua. Kwa miaka sita alidhani mumewe ana usingizi mzito, na alikuwa amemsamehe kwa ajili ya huo usingizi. Alikaa nalo pale kwenye benchi, akalisubiri limuume, na kwa mbali sana, kama mlango unaogongwa nyumba ya tatu, akasikia kitu. Hakikukaribia zaidi ya hapo.

Mumewe aliuliza atarudi lini. Mkewe akamwambia mwaka ukiisha, chumba kikiisha. Mumewe akauliza amwambie nini mtoto, na dada yake. Mwalimu akasema awaambie ukweli.

"Ukweli wenyewe ndio upi?" akauliza, na hakuuliza kwa kejeli. Akainuka, akavaa kofia, akamwambia mita ya bweni inakwenda mbio, kuna bomba linavuja mahali, awaambie wenyewe. Akaondoka na ndoano yake begani.

Nyumbani aliwaambia hivyohivyo, kwamba kibali kimetoka na mkewe amechagua kubaki. Wifi alitangaza ukoo mzima kwamba ndoa imekwisha, na akakaa miezi miwili akisubiri iishe. Binti ndiye aliyeumia. Jumamosi mbili alijifungia chumbani mama yake alipofika, na ya tatu hakuwapo kabisa. Kisha siku ya katikati ya wiki akaja chuoni na sare zake za shule, akapanda ngazi, akasimama katikati ya chumba kama mkaguzi. Aliangalia kitanda, meza, kabati na kipande chake cha karatasi. Akasema, "Hata si kuzuri." Mama yake akakubali kwamba si kuzuri. Binti akavua viatu, akajinyoosha kwenye kitanda cha mama, na ndani ya dakika kumi alikuwa amelala, mkoba wa shule kifuani. Chaji alipoingia alimtazama, akauliza kwa kunong'ona kama naye kapangiwa humu. Mwalimu alikaa sakafuni, akaegemea kitanda, akasoma. Ilimjia kwamba anatakiwa kujisikia mama mbaya, na alilipitia jambo hilo kwa uangalifu, kama mtu anayesahihisha mtihani, asione mahali pa kuweka alama.

Mwaka ukaenda. Mumewe aliendelea kuja mara moja kwa mwezi, na akisha kusoma mita alikaa kwenye lile benchi. Mara nyingine walizungumza habari za shule ya binti, au bomba lililovuja, ambalo chuo kilichukua miezi mitatu kulitengeneza. Mara nyingine walikaa tu. Wasichana wakazoea, wakawa wanamwambia, "Shangazi, mgeni wako wa mita amefika." Mwalimu alifaulu masomo yote isipokuwa takwimu, aliyorudia akafaulu, Chaji akimwelekeza.

Chaji mwenyewe alikoma kulia, na kufikia mitihani ya mwisho alikuwa akienda kwao Jumapili kula tu na kurudi mbio. Hapo ndipo kanuni ikawageuka kutoka upande wa pili: vitanda havikutosha, kwa hiyo kuanzia mwaka wa pili kila mtu ajitafutie pa kulala. Chaji akaandika barua tena kwa kamati, safari hii akiomba abaki. Alijibiwa kwamba hiyo si sababu maalumu. Alikuja kuionyesha ile barua huku anacheka na macho yamejaa maji, na wote wawili wakaviringisha magodoro yao asubuhi moja.

Hivyo Mwalimu hakurudi nyumbani kwa sababu alikuwa amepona, wala kwa sababu mumewe alimbembeleza. Alirudi kwa sababu chumba kiliisha. Hakuna aliyempokea kwa shangwe. Binti alimpokea ndoo, mumewe akampokea godoro. Wifi alimkuta jioni ile anakatakata mboga, akamwamkia kama mtu aliyekuwa safari fupi, na mambo yakaishia hapo.

Wiki ya kwanza alimwambia mumewe kwamba atahitaji mahali pa kusomea, na kwamba atatumia kile chumba cha uani. Tangu mazishi kilikuwa kimefungwa, kina magunia na baiskeli mbovu. Jumapili mumewe aliamka akatoa magunia, akafagia, akafungua dirisha lililokuwa limekwama kwa kutu, kisha akaja kumwita washike meza pamoja. Meza ikagoma mlangoni. Waliilaza ubavu, wakaigeuza, ikagoma tena. Mumewe akachuchumaa na bisibisi, akaanza kufungua miguu, mkewe akiishikilia isimwangukie. Alifungua mguu wa kwanza, akaweka skrubu ndani ya kofia yake. Akaanza wa pili.

"Ulikuwa unamgeuza mara ngapi?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Mama. Kwa usiku."

Mwalimu alibadilisha mkono, maana meza ilikuwa nzito.

"Mara tatu," akasema. "Miezi ya mwisho, mara nne."

"Mara nne," akarudia mumewe, kwa sauti ileile aliyosomea mita. Kisha akamwomba aiinamishe meza upande wake, aufikie mguu wa tatu.